Usaili wa Kazi kwa Mhitimu wa Afya: Maandalizi Huanzia Wodini

Kila mwaka vyuo vya afya nchini Tanzania hutoa madaktari, wauguzi, matabibu, wafamasia na wataalamu wa maabara wapya. Wengi wao wamefaulu mitihani migumu, wamekesha zamu za usiku, na wamehudumia wagonjwa katika wodi ambazo vitanda havitoshi. Hata hivyo, wamo miongoni mwao wanaokwama mbele ya meza yenye watu watatu au wanne, wakiulizwa jambo ambalo wamekwisha kulifanya kwa mikono yao mara nyingi. Muuguzi aliyesaidia kuokoa mama anayevuja damu hushindwa kueleza angeanza na nini. Daktari aliyemaliza mwaka wa utarajali hutaja sababu saba za homa, akasahau kusema kwamba angempima mgonjwa.

Hasara ya jambo hili haimwangukii mhitimu peke yake. Nafasi za kazi ni chache kuliko waombaji, na wakati huohuo vituo vingi vya huduma, hasa vya vijijini, vina upungufu wa watumishi. Kila nafasi inapojazwa, kuna mgonjwa atakayekutana na mtu aliyechaguliwa, na hatakutana na yule aliyeachwa. Usaili ukimpitisha msemaji hodari asiyejua kazi, au ukimwacha mtendaji mzuri asiyejua kujieleza, anayelipa gharama ni mgonjwa yule, ambaye hakuwamo chumbani. Kwa sababu hiyo, kumwandaa mwanafunzi wa afya kwa usaili ni sehemu ya kumwandaa kwa kazi yenyewe, na hakupaswi kuachwa kuwa shughuli ya wiki ya mwisho, baada ya jina lake kutokea kwenye tangazo la walioitwa.

Jopo linatafuta nini

Sehemu kubwa ya nafasi za kazi serikalini hupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Mwombaji hutuma maombi yake kwa njia ya mtandao. Akiitwa, anaweza kupitia usaili wa mchujo ambao huwa wa kuandika, usaili wa vitendo kwa kada zinazohitaji kuonyesha ustadi wa mikono, na hatimaye usaili wa mahojiano ana kwa ana. Hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi zina taratibu zao, nyingine fupi sana, lakini mahojiano ya ana kwa ana hayakosekani.

Katika usaili uliopangwa vizuri, wasailiwa wote wa nafasi moja huulizwa maswali yaleyale, na kila jibu hupewa alama kwa kufuata mwongozo ulioandikwa mapema. Mpango huo haukubuniwa kwa ajili ya kuwatesa vijana. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walikusanya matokeo ya tafiti za miaka 85 kuhusu njia za kuchagua watumishi, wakaona kwamba usaili wenye maswali na alama zilizopangwa hutabiri utendaji wa baadaye vizuri zaidi kuliko mazungumzo huria yanayofuata mkondo wowote. Paul Sackett na wenzake walipozirudia hesabu hizo mwaka 2022, makadirio ya njia nyingi yalishuka, lakini usaili wenye mpangilio ulibaki kileleni mwa orodha.

Mhitimu ana la kujifunza hapo. Msaili anayetumia mwongozo wa alama hawezi kutoa alama kwa jambo ambalo hakulisikia. Msailiwa anaweza kuwa analijua, na uso wake ukaonyesha kwamba analijua, ila kama hakulitamka, kisanduku kile hubaki kitupu. Ukimya wa msaili nao usimtie mtu hofu. Mara nyingi wasaili hukatazwa kutikisa kichwa au kusaidia, ili wasimpendelee yeyote. Nyuso zile kavu ni sehemu ya haki, ingawa anayeketi mbele yake huziona kama nyuso za mahakimu.

Kisa kimoja, majibu mawili

Tuchukue swali ambalo mkunga, muuguzi au daktari anaweza kulitarajia: "Uko peke yako zamu ya usiku katika kituo cha afya. Mama aliyejifungua nusu saa iliyopita anatoka damu nyingi. Utafanya nini?"

Msailiwa wa kwanza anaanza kwa fasili. Anasema kwamba kuvuja damu baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida kumezoeleka kuelezwa kuwa ni kupoteza mililita 500 au zaidi, kisha anapanga sababu zake nne: mji wa mimba kulegea, majeraha ya njia ya uzazi, mabaki ya kondo la nyuma, na damu kushindwa kuganda. Yote ni kweli. Lakini dakika mbili zimepita, na mama yule wa kwenye swali bado anavuja damu bila mtu kumgusa.

Msailiwa wa pili anaanza kwa kusema, "Naita msaada kwa sauti, hata kama aliye karibu ni mhudumu au mlinzi, na mkono wangu mmoja tayari unakanda mji wa mimba." Kisha anaendelea kwa mpangilio: anampa mama oksitosini uniti 10, anafungua mshipa na kuweka dripu, anapima mapigo ya moyo na shinikizo la damu, anahakikisha kibofu kimetoka mkojo, anakagua kondo kama limetoka lote, anatazama michaniko. Anataja asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa, taratibu, na anajua kwamba inapaswa kutolewa ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue. Wakati huohuo anampigia simu mganga mfawidhi na kuandaa rufaa kabla hali haijaharibika. Anamalizia kwa jambo ambalo wengi husahau: anamweleza mama na ndugu zake kinachoendelea, na anaandika kila alichofanya pamoja na saa yake.

Huenda wasailiwa hawa wawili walipata alama sawa chuoni. Wa kwanza amejibu kama mtu aliyefungua daftari, na wa pili kama mtu aliyesimama kando ya kitanda. Jopo linaloajiri mtumishi wa zamu ya usiku linamhitaji wa pili, na lina haki ya kumtaka. Fasili na sababu zina nafasi yake. Wa pili naye angeweza kuzitaja alipokuwa akieleza kwa nini anakagua kondo na kutafuta michaniko. Zingekuwa zimefungamana na tendo.

Utaratibu wa namna hii si mgeni kwa watumishi wa afya. Katika hospitali nyingi duniani, taarifa ya mgonjwa hutolewa kwa mtindo unaojulikana kwa herufi SBAR, ambao asili yake ni nyambizi za jeshi la majini la Marekani na ambao uliingizwa hospitalini na watumishi wa Kaiser Permanente, taasisi ya afya ya nchini humo. Mtoa taarifa huanza na hali ilivyo sasa, hufuata historia fupi, hutoa tathmini yake, kisha hupendekeza la kufanya. Mwanafunzi aliyezoea kumpigia daktari bingwa simu usiku kwa mpangilio huo amekwisha kujifunza nusu ya usaili bila kujua. Aliyezoea kusema "Daktari, mgonjwa wa kitanda cha sita hali mbaya, njoo" ana kazi ya kufanya, tena si kwa ajili ya usaili peke yake.

Kusoma tena na tena hakutoshi

Maandalizi ya wengi ni kukusanya maswali ya miaka iliyopita, kuyapitisha katika makundi ya simu, na kuyasoma mpaka macho yachoke. Njia hiyo humpa mtu hisia ya kujua, na hisia hiyo hudanganya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, walichapisha jaribio lililofanywa kwa wanafunzi waliopewa vifungu vifupi vya kusoma. Kifungu kimoja kilisomwa mara ya pili. Kingine kilifunikwa, na mwanafunzi akaandika alichokikumbuka. Baada ya dakika 5 kusoma tena kulionekana kushinda, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: kilichosomwa tena kilikumbukwa kwa asilimia 42, na kile ambacho mwanafunzi alijilazimisha kukikumbuka kilibaki kwa asilimia 56.

Kwa usaili, kufunika kitabu na kuandika ni mwanzo tu, kwa kuwa chombo kitakachotumika ni kinywa. Jibu linaloonekana limekamilika kichwani huanza kuvunjika linapotamkwa: sentensi hazifiki mwisho, istilahi hukimbia, mpangilio hupotea. Dawa yake ni kutamka, tena mbele ya mtu. Wanafunzi watatu wanatosha. Mmoja anajibu, wa pili anauliza bila kutabasamu, wa tatu ana karatasi ya alama na saa. Jibu likizidi dakika tatu linakatwa. Baada ya hapo wanabadilishana. Anayeshika karatasi ya alama hujifunza kuliko wote, kwa sababu ndipo anapoona kwa macho yake jinsi mtu mwenye maarifa anavyoweza kuzungumza kwa muda mrefu bila kujaza kisanduku hata kimoja.

Walimu wa vyuo vya afya wana msingi mzuri wa kuanzia. Tangu mwaka 1975, Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walipoeleza mtihani wa vitendo unaoitwa OSCE, wanafunzi wa tiba katika nchi nyingi hupimwa kwa kuzunguka kituo hadi kituo, kila kituo na kazi yake, muda wake na karatasi yake ya alama. Mwanafunzi aliyepita huko anajua kengele inavyolia na msahihishaji anavyonyamaza. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwambia kwamba ustadi uleule utahitajika siku ya usaili, na kumwekea kituo kimoja au viwili vya maswali ya kazi: mgogoro na ndugu wa mgonjwa, mwenzake aliyechelewa zamu, dawa iliyokwisha stoo. Chuo kinachofanya hivyo mara mbili kwa mwaka hakihitaji fedha za mradi; kinahitaji alasiri moja na walimu wachache wenye moyo.

Lipo pia suala la lugha, nalo halipewi uzito unaostahili. Mwanafunzi wa tiba hufundishwa kwa Kiingereza na kuwatibu watu kwa Kiswahili. Akiulizwa kwa Kiingereza hutafuta maneno. Akiulizwa kwa Kiswahili, jambo la kushangaza, hutafuta maneno vilevile, kwa kuwa hakuwahi kueleza shinikizo la damu au kifafa cha mimba kwa lugha ya mama yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zoezi la kufaa ni kumweleza bibi au mjomba asiye mtaalamu ugonjwa mmoja kila juma, kisha kumwomba arudie alichoelewa. Jopo likiuliza, "Ungemwelezaje mgonjwa wa kisukari umuhimu wa kutunza miguu yake?", aliyefanya zoezi hilo atajibu kama anayezungumza na mtu.

Kujieleza bila kujisifu, na kusimulia bila kutoa siri

Swali la kwanza katika mahojiano mengi ni fupi: "Jieleze." Vijana wengi waliolelewa kwa adabu huliona zito, maana wamefundishwa kwamba mtu hajisifu, husifiwa. Hivyo husema "tulifanya", "tulishirikiana", "tulifanikiwa", mpaka jopo linashindwa kujua yeye mwenyewe alishika nini. Wengine hukimbilia upande wa pili na kujimwagia sifa: mchapakazi, mwaminifu, mbunifu, anayejituma. Sifa hizo hazina alama, kwa kuwa kila aliyeingia asubuhi hiyo amekwisha kuzitaja.

Njia ya katikati ni kusema tendo na kuliacha lijieleze. "Katika utarajali nilipangiwa wodi ya watoto kwa miezi mitatu. Niliona vipimo vya sukari vinachelewa kwa watoto wanaoingia na degedege, nikaomba kipimo kiwekwe kwenye trei ya dharura." Hapo hakuna kujisifu, na hakuna asiyeelewa mtu huyu ni wa namna gani. Kila mwanafunzi anaweza kuanza mapema kuweka daftari dogo la matukio ya aina hiyo: alichokikuta, alichofanya, kilichotokea, alichojifunza. Matukio sita au saba yaliyotafakariwa vizuri hutosha kujibu maswali mengi ya mahojiano, kwa kuwa tukio moja linaweza kujibu swali la ushirikiano, la dharura, na la uadilifu pia.

Daftari hilo, hata hivyo, lina hatari yake. Simulizi ya mtumishi wa afya daima ina mtu mwingine ndani yake. Jina la mgonjwa lisiandikwe, wala namba ya faili, wala kijiji chake pamoja na cheo chake na ugonjwa wake kwa namna ambayo atatambulika. Siri ya mgonjwa haifunguliwi kwa sababu msimulizi anatafuta kazi. Ipo haja ya kulisema hili kwa uwazi, kwa kuwa katika miji midogo mjumbe wa jopo anaweza kuwa jirani au ndugu wa mgonjwa anayesimuliwa. Msailiwa anayesema, "Nitaeleza tukio bila kutaja mambo yatakayomtambulisha mgonjwa," amekwisha kuonyesha maadili kabla ya kuulizwa swali la maadili.

Maswali mawili mengine huwasumbua wengi. La udhaifu halihitaji maneno mengi: jibu la "udhaifu wangu ni kupenda kazi kupita kiasi" limechakaa, na wasaili hulipokea kwa uchovu. Udhaifu wa kweli unaoshughulikiwa ndio wa kutajwa. La kosa ni zito zaidi: "Tueleze siku ulipokosea kazini." Anayejibu kwamba hajawahi kukosea hulitia jopo wasiwasi, maana asiyekosea katika kazi hii ni asiyefanya kazi, asiyejichunguza, au anayeficha. Jibu la kuaminika lina kosa lenyewe bila kulipamba, namna lilivyogunduliwa, nani aliarifiwa na kwa haraka kiasi gani, mgonjwa alilindwaje, na kilichobadilika katika utendaji wa msailiwa tangu siku hiyo. Usalama wa mgonjwa hujengwa na watumishi wanaoripoti makosa yao, na swali hili ni miongoni mwa nafasi chache ambazo mwajiri anazo za kumtambua mtumishi wa aina hiyo mapema.

Na asiyejua jibu aseme hajui. Ila asiishie hapo. "Kipimo cha dawa hiyo kwa mtoto sikikumbuki kwa hakika, nisingekisia. Ningefungua Mwongozo wa Taifa wa Matibabu au kumuuliza mfamasia kabla ya kuandika." Katika kazi nyingine jibu hilo lingekuwa la kushindwa. Katika tiba, kukisia dozi ndiko kushindwa.

Mwili unapoogopa

Moyo kwenda mbio, kinywa kukauka, viganja kulowa jasho na akili kuwa tupu ghafla si dalili za ujinga. Ubongo unapohisi tishio, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na baadaye kortisoli. Damu huelekezwa kwenye misuli, mate hupungua, na uwezo wa kushikilia mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja hupungua vilevile. Ndiyo maana mtu husahau swali lilikuwa na sehemu ngapi. Kuandika sehemu za swali kwa maneno mawili matatu, pale inaporuhusiwa, au kuomba lirudiwe, si aibu.

Kiasi fulani cha wasiwasi husaidia. Robert Yerkes na John Dodson waliona hilo kwa panya tangu mwaka 1908: katika kazi ngumu, msukumo wa wastani uliwafaa kuliko mdogo mno au mkubwa mno. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba watu walioambiwa wajisemee kuwa wana hamasa kabla ya kuhutubia walifanya vizuri kuliko walioambiwa wajisemee kuwa wametulia. Sababu inaeleweka: moyo unaokimbia haukubali kudanganywa kuwa umetulia, lakini unaweza kukubali kuitwa moyo wenye hamu. Kupumua taratibu kwa dakika chache, pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia, huusaidia mfumo wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo.

Usingizi wa usiku uliotangulia una faida kuliko kurasa za mwisho zitakazosomwa saa nane usiku. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vitumiwe kwa uangalifu, kwa kuwa nusu ya kafeini inaweza kuwa bado mwilini saa 5 baadaye, na huongeza kutetemeka kulekule ambako mtu anataka kukuepuka. Asiyezoea asianze siku hiyo. Chai na kitu chepesi cha kula, na maji, vinatosha.

Linalotia wasiwasi zaidi ni dawa. Wapo wanaoshauriana kumeza propranololi ili mikono isitetemeke na moyo usiende mbio. Dawa hiyo kweli hupunguza dalili hizo, na wapo wagonjwa wanaoandikiwa na daktari kwa sababu hiyo. Lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa kwa kiwango cha kuhatarisha maisha. Kwa mwenye mapigo ya moyo ya polepole inaweza kuyashusha zaidi. Kwa anayetumia insulini inaweza kuficha mapigo ya haraka na kutetemeka, ambazo ni dalili za kumwonya kwamba sukari imeshuka. Haifai kupokelewa kutoka mkononi mwa rafiki. Diazepamu na dawa za jamii yake ni mbaya zaidi kwa shughuli hii: hutuliza, naam, lakini huleta usingizi na huharibu kumbukumbu, yaani kile hasa ambacho msailiwa amekuja nacho.

Kuna watu ambao hofu yao haiishii kwenye usaili. Huogopa kula mbele za watu, kuuliza swali darasani, kupokea simu, na hali hiyo hudumu kwa miezi sita au zaidi, ikiwazuia kuishi kama wanavyotaka. Huu unaweza kuwa ugonjwa wa hofu ya kijamii, nao una tiba, hasa tiba ya mazungumzo inayomsaidia mtu kuyachunguza mawazo yake na kuyakabili kidogo kidogo mambo anayoyaogopa. Mwanafunzi wa namna hiyo asiambiwe ajikaze. Apelekwe kliniki ya afya ya akili mapema, maana tiba hiyo huchukua wiki kadhaa, si siku mbili kabla ya usaili.

Hati na haki

Wapo wanaojiandaa kwa yote hayo na kurudishwa mlangoni. Vyeti halisi, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, na kwa kada za afya cheti cha usajili na leseni hai kutoka baraza la taaluma husika, ndivyo vinavyoombwa katika matangazo ya kuitwa kwenye usaili. Hati za matokeo ya muda hazikubaliwi. Majina yanayotofautiana kati ya cheti cha kidato cha nne na cha chuo yashughulikiwe kisheria miezi kabla, si asubuhi ya usaili. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe vyeti vyake vimethibitishwa na mamlaka zinazohusika. Na anayepigiwa simu akiambiwa alipe fedha ili apewe maswali au nafasi ajue kwamba anazungumza na tapeli.

Msailiwa ana haki pia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, ulemavu na hali ya maambukizi ya VVU, na katika jambo hilo mwombaji wa kazi analindwa sawa na aliyekwisha kuajiriwa. Swali la "Unatarajia kuzaa lini?" halina nafasi katika chumba cha usaili. Likiulizwa, jibu la heshima linaweza kuwa kwamba hali yake ya kifamilia haitamzuia kutimiza majukumu ya nafasi hiyo. Mwenye kigugumizi, usikivu hafifu, selimundu au mguu usiomruhusu kupanda ngazi anaweza kuwaarifu waandaaji mapema ili apewe muda au mahali panapomfaa. Wasaili nao wakumbuke kwamba kigugumizi hakipimi akili, na kwamba wagonjwa wenye kigugumizi hufurahi wanapokutana na mtumishi anayewaelewa.

Baada ya kutoka chumbani, msailiwa anaweza kuketi chini ya mti ulio karibu, atoe kalamu, na kuandika maswali yote anayoyakumbuka, hasa yaliyomshinda, kabla hajapokea simu ya mtu yeyote anayetaka kujua yalikuwaje. Kesho yake ayatafutie majibu, ayatamke kwa sauti, na kama bado yumo hospitalini kwa kujitolea, amtafute mgonjwa ambaye hali yake inahusiana na swali lile na kumhudumia kwa uangalifu zaidi kuliko juzi.